Seti ya taa za sola za boti (volti 12): miezi saba kwenye mashua yangu ya tanga, Mikindani

Wakuu, hii seti nimekaa nayo toka mwezi wa nne mpaka sasa tuko mwezi wa kumi na moja, kusi lote limenipitia nayo, kwahiyo sio maneno ya mtu aliyefungua boksi jana akaona taa inawaka akafurahi. Kwa mwenye haraka: taa zenyewe nzima, paneli nzima. Waya, viungio, skrubu na betri vilivyokuja mle ndani nimeshavitupa kimoja kimoja. Na kuna jambo la tanga letu ambalo aliyetengeneza hii seti hakuliwaza kabisa, ntafika huko.

Mashua yangu ni ndogo, mita tano na nusu, ya mbao, wazi haina dari, mlingoti mmoja na tanga la pembetatu kama zote mnazoziona zimelala pale Mikindani maji yakitoka. Niliinunua kwa mtu aliyeacha bahari akaingia kwenye korosho. Mi sio mvuvi wa kazi, mi mtu wa ofisini, Ijumaa jioni au Jumamosi natoka na mjomba tunatupa mishipi, na kurudi ni usiku tu maana samaki changu hajui kusoma saa. Mjomba kaanza bahari kabla mi sijazaliwa na miaka yote taa yake ni tochi, akiwa na kazi ya mikono miwili anaibana kwa meno.

Sasa usiku mmoja mwezi wa pili tunazunguka Msangamkuu, mwezi hamna, ikapita boti ya faiba na mashine yake, nayo giza sisi giza, imepita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya petroli kabla sijaiona. Mjomba akasema tu "hawa wanaendesha kama wako barabara ya Masasi" akaendelea na mshipi wake. Mi nilikaa kimya mpaka tunafika. Na upande ule wa Mtwara sio boti za faiba tu, meli kubwa zinazofuata makaa ya mawe na korosho bandarini zinaingia na kutoka, na nahodha aliye juu kule ghorofani hana namna ya kuona kipande cha tanga la kitambaa cha marekani lililochakaa chini yake. Kesho yake nikaanza kutafuta taa.

Nikaipata kwa muuzaji wa mtandaoni yuko Dar, simtaji jina na mtaona kwanini. Laki moja na themanini na tano, nikatuma pesa kwa simu, mzigo ukaja na basi siku ya pili, elfu kumi ya mzigo. Ndani: paneli ya wati 20, kontrola ya kuchajia (kidude kinachopanga umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), betri ya volti 12 ampia-saa 7 ile ya asidi iliyofungwa, taa ya rangi tatu ya kuweka juu ya mlingoti, mkanda wa LED nyekundu mita tano, swichi mbili, waya mita kumi na mfuko wa skrubu. Tangazo limeandikwa kabisa "taa za boti, haziogopi bahari". Shikeni hilo neno.

Kwa wasiojua taa ya rangi tatu, ni taa moja imegawanywa vioo vitatu, upande wa kushoto wa chombo nyekundu, wa kulia kijani, na nyuma nyeupe. Mtu akiwa mbali akiona nyekundu anajua anatazama ubavu wako wa kushoto, akiona nyeupe anajua anakufuata mgongoni, akiona nyekundu na kijani kwa pamoja ajue unamjia usoni. Ni mambo ya kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za 1972, na kwa chombo cha tanga kisichofika mita 20 wanaruhusu hizo rangi ziwe kwenye taa moja juu ya mlingoti. Kwa chini ya mita 7 kama changu wanasema weka ukiweza, ukishindwa basi angalau uwe na tochi au taa nyeupe mkononi uioneshe mapema kabla hamjagongana. Nilipomsomea mjomba hiyo akacheka sana, akasema basi mi nafuata sheria miaka arobaini. Kiukweli ana hoja, sema neno lenyewe ni MAPEMA, na tochi ikiwa mdomoni unatafuta ndoano sio mapema hiyo.

Haya, kufunga. Nilisubiri bamvua, maji yakatoka mashua ikakaa mchangani, tukaung'oa mlingoti tukaulaza. Taa ina kishikio cha plastiki na skrubu nne. Sikutaka kutoboa mlingoti mashimo mengi maana kila tundu kwenye mbao ni mlango wa maji, nikatengeneza kofia ya bomba la plastiki la inchi mbili, nikaipasha moto ikalainika, nikaivalisha ncha ya mlingoti, taa ikakaa juu yake. Waya nikaushusha kwa nyuma ya mlingoti na vibano vya kamba. Mpaka hapo najiona fundi.

Usiku wa kwanza tunatoka, taa inawaka kule juu, raha. Tukapishana na mashua ya watu wa Msangamkuu tunaowajua, yule mzee anapiga kelele "nyie mnaenda au mnarudi?" Mi nikajua utani. Mara ya pili akauliza mwingine. Tulipofika ufukweni nikashuka nikaizunguka mashua kwa miguu maji ya magotini, nikasimama mbele ya omo (pua ya mashua), nikaona nyeupe. Nikaenda kushoto, kijani. Aisee. Taa nimeifunga mgongo mbele, usiku kucha tulikuwa tunawatangazia watu kwamba mashua inaenda kinyumenyume. Kuna mshale mdogo umechongwa kwenye kitako cha taa, haujapakwa rangi, mweusi juu ya mweusi, na karatasi ya maelekezo ni Kichina na Kiingereza cha herufi kama chawa. Kosa langu nakubali, lakini mshale wa usalama hauchongwi hivyo bana. Ukinunua, kabla hujapandisha kitu iwashe mchana ndani ya chumba cha giza uizunguke, dakika moja tu.

Baada ya kuigeuza, mwanga ni mzuri. Nilimwacha mjomba kwenye mashua nikapanda pikipiki usiku kule barabarani juu ambako unaiona ghuba yote, nikaiona nyekundu safi kabisa. Kanuni inataka taa za ubavuni kwa chombo cha chini ya mita 12 zionekane maili moja ya bahari, yaani kama kilomita 1.85 hivi, na nyeupe ya nyuma maili mbili. Hiyo maili moja naamini inafika, mbili sikupima. Kijani yake imeelekea kwenye bluu kidogo, ni kawaida ukiweka LED nyeupe nyuma ya kioo cha rangi, lakini hamna atakayeikosea.

Sasa ile habari ya tanga. Hii taa imetengenezwa kwa ajili ya zile boti za kizungu ambazo ncha ya mlingoti ndo kitu cha juu kuliko vyote, tanga linaishia chini yake, kwahiyo taa inaona pande zote. Mashua yetu sio hivyo, mnajua wenyewe, foromali (ule mti unaobeba tanga) ikishapanda ncha yake inapita juu ya mlingoti na tanga linapanda nayo. Maana yake ukiwa na upepo wa ubavuni, kichwa cha tanga kinakaa kama pazia kati ya taa na mtu aliye upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Niliona kwa macho yangu, tanga zima upande mmoja linang'aa wekundu mzuri kama taa ya harusini, na upande huohuo aliyeko mbali haoni rangi yoyote ya maana. Juu ya hapo kila tukigeuza tanga, foromali inazunguka mlingoti na henza (kamba ya kuipandishia) inaikwangua ile taa, mwezi wa sita ikang'oa skrubu mbili za kishikio. Skrubu zenyewe zilikuwa zimeshashika kutu, chuma tupu kimepakwa rangi ya kung'aa.

Kwahiyo kwa mtu wa tanga la pembetatu nasema wazi, usinunue taa ya rangi tatu ya juu. Nunua mbili za pembeni, nyekundu na kijani, ufunge chini mbele karibu na omo, na nyeupe moja tezini, yaani nyuma. Mi nimeishia huko, ile ya rangi tatu nimeishusha, nimeweka ndogo mbili nilizoagiza baadae, elfu ishirini na tano kila moja, na nyeupe ya nyuma. Taa za chini zinakutana na mawimbi zaidi na haziendi mbali kama za juu, sawa, lakini zinaonekana pande zote mbili. Na meli ikiwa karibu, njia ya wazee bado inashinda zote, unapiga tochi kubwa kwenye tanga lako mwenyewe, linakuwa jeupe lote kama shuka, hamna taa ya dukani inafika hapo.

Nije kwenye waya maana hapa ndo pesa yenu inapopotelea. Waya uliokuja ni mwembamba, shaba nyekundu mtupu ndani, na viungio ni vile vya kusukumiza kwa kidole. Wiki ya sita taa ikaanza kupepesa. Nikapima betri, ipo. Nikapima kwenye swichi, ipo. Nikafungua kiungio cha chini ya mlingoti, na hapo nikakuta unga wa kijani kama mchicha uliokaushwa, nikauvuta waya kidogo tu ukakatika mkononi. Nikachuna plastiki kuutafuta waya mzima, sentimita tano mweusi, kumi mweusi, nimefika karibu urefu wa mkono mzima shaba bado nyeusi kama imechomwa. Maji chumvi yanaingia pale mwisho halafu yanapanda mle ndani taratibu kama mafuta kwenye utambi wa kandili. Ukiunga tena hapohapo umeunga maiti.

Waya wa baharini wa kweli kila unywele umepakwa bati, ukiuchuna ni mweupe kama fedha. Hapa Mtwara nimezunguka maduka ya umeme yote ya sokoni sijaupata, wananiletea waya wa nyumba. Waya wa nyumba ule wa msumari mmoja mgumu usiuweke kwenye chombo kabisa, unatikiswa kila saa unakatika ndani bila kuonekana. Niliagiza mita kumi na tano za waya wa bati kutoka Dar, milimita 1.5, elfu tatu mia tano kwa mita, nikaona ghali, sasa hivi siuoni ghali. Lagi (vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) za kubana kwa plaizi, juu yake ile mipira ya kubana ukiipitishia kiberiti, na mchukue ile yenye gundi ndani, ukiichoma gundi inatokeza kidogo pembeni unajua imeziba. Tepu ya umeme sahau, jua la Mtwara linaigeuza uji. Fundi mmoja wa redio karibu na soko kuu alinibania zote kwa koleo lake la kazi kwa elfu tano na akanionesha kosa jingine ambalo mi nisingeliona: fyuzi ya seti wameiweka mwisho kabisa karibu na taa. Fyuzi inakaa karibu na betri, kwenye waya chanya, ili waya ukichubuka njiani ikate, yaani hapo walipoiweka inalinda taa ya elfu ishirini na kuiacha mashua yote ya mbao. Shikamoo yake huyo mzee, hana hata kibao cha duka.

Tokea hapo, mwezi wa saba mpaka leo, waya haujaleta hata kupepesa. Kusi la mwezi wa nane lilitulowesha mpaka kwenye mifuko, taa ziliwaka. Taa zimeandikwa IP67, hiyo 7 maana yake zinahimili nusu saa chini ya maji mita moja, na hilo hawakudanganya, zimemezwa na mawimbi mara nyingi tu na kioo ndani kikavu.

Betri. Ilipofika niliipima kabla ya kuichaji, volti 11.9. Betri ya asidi iliyojaa ikitulia inasoma 12.7 hivi, 11.9 ni kwamba imekaa stoo miezi bila chaji, na hizi zikikaa tupu sahani zake ndani zinaota ugumu hazirudi tena. Kwa hesabu ingetosha: taa ya juu inakula wati mbili na nusu, ni kama ampia 0.2, usiku mzima masaa kumi na mbili ni ampia-saa mbili na nusu, na betri ya asidi ya ampia-saa 7 unatakiwa usile zaidi ya nusu yake. Lakini mwezi wa nane ilikuwa inazima saa tano usiku. Nimeweka ya lithiamu ile ya chuma na fosfeti, volti 12.8 ampia-saa 6, laki na kumi, nyepesi unaibeba kwa vidole viwili, na hii unaweza kuila karibu yote. Kontrola kwa bahati ina sehemu ya kubadilisha aina ya betri, bonyezeni hiyo kabla ya kuunga. Ninaiweka ndani ya ndoo ya rangi ya lita kumi yenye mfuniko, nimeifunga kipande cha kanga cha mke wangu isiyumbe (anakitafuta mpaka leo), ndoo imefungwa kwenye taruma (mbavu za mashua). Kama unabaki na ya asidi, tundu juu ya ndoo lazima maana inatoa hewa inayowaka.

Paneli sina neno baya. Saa sita mchana natoa karibu ampia moja, kwa siku ya jua ya kawaida inajaza kilicholiwa usiku na inabaki. Ila kivuli cha tanga kikigusa hata kona moja umeme unaporomoka, kwahiyo chaji ya maana ni mashua ikiwa imelala, foromali chini. Nimeifunga tezini kwa nati zile zenye masikio naivua naenda nayo nyumbani, sababu mnaijua.

Kitu nilichokidharau ndo kimekuwa kipenzi cha mjomba, ule mkanda mwekundu. Nimekata nusu mita tu nikaubandika chini ya ubao wa kukalia upande wa tezi, na gundi ya silikoni juu kwasababu ile ya kubandika ilibanduka siku ya pili. Mwanga mwekundu hafifu hauuwi macho. Jicho likishazoea giza linachukua kama nusu saa kulipata tena ukilimulika na tochi nyeupe, ndo maana zamani kila mjomba akiwasha tochi kuangalia ndoano mi nilikuwa kipofu kwenye usukani. Sasa anafumua mshipi uliosokotana, anatunga chambo, anamtoa samaki ndoano, vyote kwenye ule wekundu chini ya magoti yake, na akiinua kichwa anaona mawimbi. Siku ya kwanza alisema inafanana na baa. Siku ya tatu nimesahau kuiwasha akauliza "hiyo baa yako leo imefungwa?"

Kero aliyonayo yeye ni redio. Ukiwasha taa ya rangi tatu, redio yake ndogo ya mkononi inaunguruma vvvvv, na usiku wa mechi ya Yanga hilo ni kosa la jinai. Vile vidude vya umeme ndani ya LED za bei rahisi vinatoa kelele ya mawimbi, na sio utani, walinzi wa pwani wa Marekani walishatoa tahadhari 2018 kwamba taa za LED zinaweza kuzibia redio za VHF za mawasiliano. Mwenye redio ya upepo kwenye chombo awashe taa zote halafu asikilize kama anapata watu kama kawaida. Mi nilichukua kile kidude cheusi cha duara kinachokaa kwenye waya wa chaja ya laptop mbovu nikakivalisha kwenye waya wa taa, ikapungua, goli linasikika.

Muuzaji sasa. Waranti ni mwaka mmoja imeandikwa. Nilipomtumia picha ya waya wa kijani na betri iliyokufa, siku mbili kimya, halafu akajibu "bosi maji chumvi hayapo kwenye waranti". Nikamtumia tangazo lake mwenyewe, taa za boti haziogopi bahari. Akaweka tiki mbili za bluu na hadithi ikaishia hapo. Skrubu nilizoomba tu, za mia mbili mbili, nazo hakutuma. Za chuma kisichoshika kutu nimenunua mwenyewe.

Jumla nimetumia laki mbili kasoro tano kwa seti na usafiri, betri laki na kumi, waya elfu hamsini na mbili na mia tano, taa mbili za mbele hamsini, nyeupe ya nyuma ishirini, lagi na mipira na fundi na skrubu kama ishirini na tano, inapita kidogo laki nne na nusu. Ningejua ningenunua paneli, kontrola na taa vipande vipande, laki tatu na kidogo ingetosha na nisingekuwa na taa ya rangi tatu imekaa kabatini. Seti kama seti naipa mbili na nusu kwa tano, nusu ni ya mkanda mwekundu. Mwenye boti ya mlingoti wa kizungu, kule kwa watalii, anaweza kuipa tatu na nusu akibadilisha waya siku ya kwanza.

Ile taa ya rangi tatu ipo, inawaka, haina tatizo, nimeitengenezea na skrubu mpya. Mwenye kuihitaji, ni elfu thelathini, aje Mikindani Jumamosi asubuhi kabla maji hayajajaa. Mshale nimeshaupaka rangi nyeupe.